Kesho Hatuijui: Somo la Istikhara kwa Kijana Aliye Njia Panda



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Katika halaka yetu ya Jumamosi hapa Cibitoke tunasoma twahara, sala, funga na sira. Lakini swali linalorudi kila mwaka halimo katika kitabu tunachosoma. Ni hili: "Baada ya hapa nitakuwa nani?" Aliye mwaka wa kwanza analiuliza akicheka. Aliye mwaka wa mwisho analiuliza kwa sauti ya chini, watu wakishatoka. Dada mmoja ameposwa na mtu anayeishi mbali, hajui kama akiolewa atamaliza masomo. Ndugu mmoja ana shahada mkononi kwa miaka miwili sasa, na bado anazungusha barua za kuomba kazi. Mwingine ameambiwa kuna nafasi Ghuba, lakini aende sasa hivi. Wote hawa wanatamani kitu kimoja: mtu awaambie mwisho utakuwaje, wapate kulala.

Somo la toleo hili linahusu hamu hiyo ya kuijua kesho. Tutatazama mambo matatu. La kwanza, kwamba kesho imefichwa kwa kila mtu. La pili, kinachotuliza moyo wa asiyejua. La tatu, namna sala ya istikhara inavyomwezesha kijana kupiga hatua bila ya kuuona mwisho wa njia.

1. Kesho imefichwa kwa kila mtu

Mwisho wa Surat Luqman, aya ya 34, Mwenyezi Mungu anataja mambo matano ambayo ujuzi wake uko kwake peke yake. Mawili kati ya hayo yanamgusa kijana moja kwa moja: hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho, wala hakuna inayojua itafia katika ardhi gani. Tazama aya ilivyochagua mambo yake. Riziki yako na nchi yako, ndiyo mawili yanayotukosesha usingizi. Na haikusema kwamba maskini ndiye asiyejua, au mwanafunzi ndiye asiyejua. Imesema nafsi, na nafsi ni kila mtu.

Hata Mtume (s.a.w.) ameamrishwa katika Surat Al-A'raf, aya ya 188, awaambie watu kuwa lau angeijua ghaibu angejizidishia kheri nyingi na ovu lisingemgusa. Kama Mtume hakupewa ila kile alichofunuliwa, basi mimi na wewe tusione aibu kusema hatujui.

Sisi wa Bujumbura hatuna haja ya kwenda mbali kulithibitisha hili. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mji wetu liliungua. Wafanyabiashara waliofunga vibanda vyao Jumamosi wakiwa na mali, Jumapili walikuwa na ufunguo tu. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili 2015, maandamano yakaanza mjini, na mtaa wetu wa Cibitoke ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoguswa zaidi. Mwisho wa mwezi huo Chuo Kikuu cha Burundi kikafungwa na wanafunzi wakatakiwa watoke mabwenini. Mamia yao, ambao hawakuwa na pa kwenda, walipiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani. Walikuwa vijana kama sisi. Walikuwa na ratiba ya masomo, wamepanga mtihani huu na likizo ile. Katika miaka iliyofuata, zaidi ya Warundi 400,000 walikuwa wamekimbilia nchi jirani: Nyarugusu na Nduta kule Tanzania, Mahama kule Rwanda, Nakivale kule Uganda. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni madawati matupu darasani, na mwalimu anayeita jina kisha anaendelea na linalofuata.

Wala msidhani wakubwa wamefunuliwa kilichofichwa kwetu. Wengi wetu tuna nyumbani tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani. Mtu huyu alikuwa waziri wa mambo ya nje Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 33 tu. Waziri akawa mfungwa, akakaa kizuizini takriban miaka 10. Baadaye akaishi ugenini, na huko Ghuba ndiko ilikotoka tafsiri hiyo ambayo leo inasomwa na wanafunzi wa Bujumbura ambao hata hawakuwa wamezaliwa. Hebu jiulize: siku ya uhuru, nani angemwambia kuwa kitu kitakachobaki katika nyumba za watu ni kazi ambayo bado hajaifanya? Tunachukulia kuwa kesho iliyofichwa imeficha mabaya tu. Kumbe imeficha na mema pia.

2. Kinachotuliza moyo si habari

Hapa ndipo penye kiini cha somo, kwa hiyo tusipapite haraka.

Tunapokuwa na wasiwasi tunadhani dawa ni kujua. "Nikijua tu kama nitapata kazi, nitatulia." "Nikijua tu kama ndoa hii itadumu, nitakubali." Sasa tumtazame mtu aliyeambiwa mwisho wa jambo lake, na aliyemwambia ni Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Katika Surat Al-Qasas, kuanzia aya ya 7, tunasoma habari za mama yake Nabii Musa (a.s.). Firauni alikuwa akiwaua watoto wa kiume wa Bani Israili. Mama huyu akafunuliwa kwamba amnyonyeshe mtoto wake, na akimhofia amtie mtoni, asiogope wala asihuzunike, kwani atarudishiwa mtoto huyo na atakuwa miongoni mwa Mitume. Habari kamili! Ameambiwa mtoto atarudi, na ameambiwa atakuwa nani akikua. Ni mzazi gani leo anayejua kuhusu mwanawe hata robo ya hayo?

Lakini aya ya 10 inatueleza hali yake baada ya kumtia mtoto mtoni. Moyo wake ulikuwa mtupu, na alikaribia kuidhihirisha siri, lau Mwenyezi Mungu asingeufunga moyo wake kwa imani. Kwa hiyo alikuwa na habari, na bado moyo ulitetemeka. Kilichomshika ni Mola wake kuukamata moyo wake. Ingekuwa kuijua kesho ndiko kunakotuliza moyo, mama huyu angekuwa mtulivu kuliko mama wote.

Kisha tazama alifanya nini. Aya ya 11 inasema alimwambia dada yake Musa amfuatilie. Hakukaa akasema, "Nimeshaahidiwa, kwa hiyo nisubiri mlangoni." Alimtuma binti yake atembee kando ya maji na aangalie kwa mbali. Na ni huyo binti aliyewaelekeza watu wa Firauni kwenye nyumba ya kumnyonyesha, mtoto akarudi kwa mama yake. Ahadi ya Mwenyezi Mungu ilitimia kupitia miguu ya msichana.

Basi tujifunze hapa mambo mawili ya kushika. Moyo unatulizwa na kumtegemea Mwenye kuijua kesho, hata kama kesho yenyewe bado imefungwa. Na kumtegemea huko hakumfanyi mtu akae.

3. Istikhara: kuomba chaguo, si kuomba habari

Waarabu kabla ya Uislamu, mtu akitaka kusafiri au kuoa, walikuwa wakipiga bao kwa mishale. Mshale ukitoka wa "fanya", anafanya. Ukitoka wa "usifanye", anaacha. Qur'ani imeliharamisha jambo hilo katika Surat Al-Maida, aya ya 3 na ya 90. Uislamu haukumwacha mtu mikono mitupu. Ulimpa istikhara.

Sahaba Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Namna yake: mtu akikusudia jambo, aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aombe dua maalumu. Dua hiyo imo katika vitabu vyetu vya nyiradi, kila mmoja na aihifadhi kwa Kiarabu chake. Mimi hapa nataka tuifahamu maana yake, kwa sababu wengi tunaisoma bila kujua tunaomba nini.

Mwanzo wa dua mja anakiri. Anamwambia Mola wake kuwa anaomba chaguo kwa ujuzi Wake na uwezo kwa uwezo Wake, kwa kuwa Yeye anaweza na mja haweza, Yeye anajua na mja hajui. Angalia vizuri: "sijui" imekuwa ibada. Jambo lile lile linalotutia aibu mbele ya wajomba na mashangazi wakituuliza utafanya kazi gani, mbele ya Mwenyezi Mungu ndilo tunaloanza nalo maombi.

Katikati ya dua anaomba kwa pande mbili. Ikiwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, unikadirie, unifanyie wepesi, kisha unibarikie ndani yake. Na ikiwa ni shari, uliondoe kwangu na uniondoe kwalo. Mara nyingi jambo huondoka na moyo ukabaki nalo: kazi umeikosa, lakini miaka mitatu bado unaizungumzia. Ndiyo maana tunafundishwa kuomba yote mawili.

Mwisho wa dua anaomba akadiriwe kheri popote ilipo, kisha aridhishwe nayo. Popote ilipo! Huenda ni Bujumbura, huenda ni Kigoma, huenda ni mahali usipopajua jina.

Sasa nakuulizeni: ni wapi katika dua hii tulipoomba kuonyeshwa kesho? Hapana. Ni wapi palipotajwa ndoto? Hapana. Mtu anaswali istikhara, analala, asubuhi anasema, "Sijaota kitu, bado sijajibiwa." Ndugu yangu, hukuomba ndoto. Umeomba ufanyiwe wepesi au uondolewe. Jibu linakuja ukiwa unatembea.

Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelizungumza hili. Imam An-Nawawi ameona kwamba baada ya istikhara mtu aendee lile ambalo kifua chake kimelifungukia. Sheikh wa zama za kabla yake kidogo, Izzuddin bin Abdissalam, alionelea kuwa afanye litakalomwia, na kheri itakuwa humo. Naye Ibn Hajar akatahadharisha kuwa mtu asitegemee kufunguka kwa kifua kunakotokana na matamanio makali aliyokuwa nayo tangu kabla ya istikhara. Yaani kama tayari umeshapenda, usije ukaiita mapenzi yako kuwa ni jibu.

Tukumbuke pia kwamba istikhara ni ya mambo ya halali yenye hiari. Haiswaliwi kwa ajili ya faradhi, kwa mfano kuuliza kama uswali au uache, wala haiswaliwi kwa ajili ya haramu.

4. Shauri, azma, kisha kutegemea

Istikhara haisimami peke yake. Katika Surat Aal-Imran, aya ya 159, Mtume (s.a.w.) ameamrishwa ashauriane na Maswahaba, na akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Mpangilio ni huo: shauri, azma, tegemeo.

Mfano mzuri ni wa Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.), uliopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kuwa kuna tauni huko mbele. Akawaita Muhajirina kushauriana nao, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakakubaliana kuwa arudi na watu. Akatangaza kuwa asubuhi atarudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bondeni kwenye upande wenye majani na upande mkavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Baada ya hapo ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.), aliyekuwa hayupo, akiwa na hadithi ya Mtume kuhusu tauni inayokubaliana na uamuzi huo. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Tazama kwamba yale maneno ya Mtume yalimfikia Umar baada ya kuamua. Wakati wa kuamua alikuwa na shauri la watu wanaotofautiana, na jukumu mabegani. Hakusubiri mpaka wote wawe na rai moja. Sisi tunasema, "Nitaamua nitakapokuwa na uhakika." Umar alitumia alichokuwa nacho, akaazimia.

5. Katika maisha yetu hapa Cibitoke

Nisiwafundishe jambo nisilolijaribu mwenyewe. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, mwaka wa mwisho. Nikitaja somo langu, watu hunyamaza kidogo kisha huuliza, "Na kazi?" Baba yangu anaendesha pikipiki ya abiria. Mafuta yakiwepo tunakula vizuri, mafuta yakikosekana anashinda kwenye foleni na anarudi na faranga chache au bila kitu. Nina wadogo watatu wanaosoma. Mbele yangu kuna njia mbili. Nimeomba nafasi ya kuendelea na masomo nje ya nchi, na jibu halijaja hadi leo. Na mjomba wangu wa Kigoma ana duka la vifaa vya ujenzi, amesema niende nikamsaidie, atanilipa, na wadogo zangu watapata ada ya shule.

Nimeshauriana. Mama kasema nenda. Baba kasema subiri barua, kwa kuwa yeye hakupata nafasi ya kusoma. Mwalimu wangu wa fiqhi kaniuliza swali moja tu: "Ukienda Kigoma, Kiarabu chako utakisoma saa ngapi?" Nimeswali istikhara zaidi ya mara moja. Sikuota kitu. Nimeazimia: nikimaliza kuandika tasnifu yangu nitakwenda Kigoma kwa mwaka mmoja, nitatuma fedha nyumbani, na kila baada ya alfajiri nitasoma kabla ya kufungua duka. Barua ikija, tutashauriana upya. Isipokuja, sitakuwa nimekaa barazani nikiitazama njia.

Je, ni uamuzi sahihi? Sijui. Na katika dua nimeshasema kuwa sijui. Lakini usiku ninalala, na kabla ya kuazimia nilikuwa silali.

6. Mambo manne ya kujihadhari nayo

La kwanza ni kwenda kwa wapiga ramli. Tusijidanganye kuwa wasomi hawaendi. Kipindi cha mitihani na cha posa, wapo wanaokwenda. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Utapoteza sala za siku 40 kwa habari ambayo aliyekupa hana.

La pili ni kukaa na kuita kukaa huko tawakkul. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Umar (r.a.), mwenye kutegemea kikweli amefananishwa na ndege: asubuhi anatoka na njaa, jioni anarudi ameshiba. Ndege huyo anatoka kiotani. Hajui punje iko wapi, lakini anatoka.

La tatu ni kuahirisha kila kitu mpaka hali ya nchi, ya mfuko na ya dunia itengemae. Nabii Yusuf (a.s.), katika Surat Yusuf kuanzia aya ya 47, alijua kuwa inakuja miaka saba ya ukame. Akawaambia walime miaka saba, waache mavuno katika masuke yake ila kidogo wanachokula. Hofu aliigeuza kuwa ratiba ya kazi. Nawe unayeogopa kukosa ajira, leo unaweka nini ghalani? Lugha? Ufundi? Hifdhi?

La nne ni "lau". Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo kwa Imam Muslim, ametuhimiza tufanye pupa kwa lile linalotunufaisha, tumuombe Mwenyezi Mungu msaada wala tusilegee. Kisha likitupata jambo, tusiseme lau ningefanya hivi, kwani "lau" hufungua mlango wa kazi ya shetani. Umeswali, umeshauriana, umeazimia, jambo likaenda kinyume na ulivyopenda: hilo ndilo ulilokadiriwa. Sema alhamdulillah, kisha tazama hatua inayofuata.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja jambo moja unalolisubiri sasa. Je, unamwomba Mwenyezi Mungu akuonyeshe mwisho wake, au akuchagulie?
2. Mama yake Musa alimtuma binti yake afuatilie. Katika jambo lako, "kufuatilia" ni kufanya nini wiki hii?
3. Ni watu gani watatu wenye elimu na wanaokutakia mema unaoweza kushauriana nao? Je, umeshawaendea?
4. Ni jambo gani liliondoka kwako zamani lakini moyo wako haujaondoka kwalo?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukadirie kheri popote ilipo na aturidhishe nayo. Awafungulie riziki wazazi wetu, awarudishe salama waliokimbia, aupe mji wetu amani, na atufanye tutoke kila asubuhi kama ndege, bila kujua ila kwa kutegemea. Amin.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.